Ngazi za Mwalimu Kizio

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake marehemu, wanafunzi wake wa zamani mliojaa hadi nje ya turubai, na ninyi mliokuwa mnapita njia mkasikia kipaza sauti mkaona mketi kidogo, familia inawasalimu na kuwaomba utulivu, ili isomwe historia ya mzee wetu, ambayo imeandikwa na familia, ikapitishwa neno kwa neno na mjane pamoja na binti yake, na inasomwa na shemeji wa marehemu, mdogo wake mjane, kwa kuwa kifungua mimba hajafika, na binti alipoombwa asome alisema yeye atakaa mbele asikilize. Tunajua kwamba marehemu hasemwi vibaya, na leo hatasemwa vibaya, yatasemwa tu yaliyotokea, maana yeye mwenyewe alifundisha miaka yote kwamba kipimo hakimwonei mtu haya.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mwalimu Kizio, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1948, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza kuishi, baba yake akiwa karani wa mizani katika ghala la pamba na mama yake mkulima. Uzito wake wa kuzaliwa haujulikani, jambo lililomkera hadi uzeeni, maana mkunga aliulizwa akasema alikuwa mtoto wa kutosha tu, naye kila akikumbuka hilo alikuwa akisonya na kuuliza, wa kutosha nini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaingia sekondari mwaka 1963, na kote huko alikuwa kijana mpole, mwenye haya, anayepiga pasi kaptura yake kwa kuilalia, na wazee waliomjua wakati huo wanaapa kwamba hakuwahi kumcheka mtu. Mwaka 1967 mizani ya ghala ilibadilishwa kutoka pauni kwenda kilo, baba yake akaendelea kwa mazoea kuandika pauni mahali palipotakiwa kilo, akafukuzwa kazi mbele ya wakulima waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi, na watoto wa jirani wakawa wanamfuata njiani wakimwimbia, pauni, pauni. Kijana akaapa kwamba hakuna mtu wa damu yake atakayechekwa tena kwa sababu ya kipimo, nacho ni kiapo kizuri, na lau asingekigeuza kuwa ruhusa ya kuwacheka wengine, historia hii ingekuwa fupi na wote tungekuwa tumeshakula.

Baada ya chuo cha ualimu, alichohitimu Novemba 1970, aliripoti kazini tarehe 11 Januari 1971 katika sekondari ile ya juu ya barabara, akafundisha fizikia hapo hapo hadi alipostaafu tarehe 3 Agosti 2008, katika maabara ya ghorofani yenye mabomba ya gesi yasiyotoa gesi, viti virefu visivyo na migongo, na mizani ya mikono miwili ambayo mkono mmoja ulishikiliwa na uzi. Kwa wale ambao hawakupita mikononi mwake, na mshukuru Mungu wenu, viambishi ni vile vijineno vinavyotangulia kizio cha kipimo, kama kilo kwenye kilomita, maana yake elfu, au mili kwenye milimita, maana yake sehemu moja ya elfu, au nano, ambayo ni sehemu moja ya bilioni, hata jicho haliioni. Wanafunzi wote wa dunia huvichanganya viambishi hivi, na walimu wote wa dunia hutafuta njia ya kuvikaza kichwani, na njia ya marehemu ilikuwa ni ngazi.

Mwaka 1986, kwa rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka milingoti ya goli, aliandika viambishi kwenye ngazi za zege zinazopanda maabara, ya chini kabisa akaiandika piko, iliyo ndogo kuliko zote, juu yake nano, kisha maikro, kisha mili, halafu pale kwenye sakafu ya katikati ambapo ngazi zinapumzika hakuandika kitu, na kutoka hapo akaendelea na vile vya kukuza, kilo, mega, giga na tera. Senti, ile sehemu moja ya mia ya kwenye sentimita, hakuipa ngazi, akisema hiyo ni ya mafundi cherehani. Kila mwanafunzi alipangiwa ngazi yake na kuitwa kwa jina la ngazi hiyo mwaka mzima, na kabla ya kipindi alisimama hapo akaulizwa swali moja, akipata anapanda, akikosa anabaki juani akiandika sifuri za kiambishi chake mpaka kengele ilie, na marehemu mwenyewe alisimama pale katikati pasipo na maandishi, fimbo kwapani, akisema kwamba hapo ndipo mahali pa kizio kitupu, kisichohitaji kukuzwa wala kupunguzwa, na kwamba tangu shule ijengwe hajaona mtu wa kusimama naye. Ndipo akaitwa Mwalimu Kizio.

Ni lazima isemwe kwamba wanafunzi wake walijua viambishi kuliko shule yoyote ya jirani, na wakaguzi walimpigia makofi, wala hakuna aliyewahi kutoka kwake akaandika jibu bila kizio, kwa kuwa aliyeandika hivyo aliulizwa mbele ya wenzake, tano za nini, za mbwa? Aliwauliza hivyo na wauza nyanya, mama wa watu akisema kilo moja yeye anamuuliza kilo ya nini, kiambishi hakisimami peke yake, mama, kilo si kitu, mpaka wauza nyanya wakawa wakimwona wanajifanya wanafunga mizigo. Yumo humu mkandarasi mheshimiwa, aliyetuazima turubai hili tulilokaa chini yake, ana magari na ana wajukuu, na hadi leo mke wake anamwita Maikro. Na palikuwa na mmoja aliyeitwa Piko, aliyesimama ngazi ya chini mwaka 1993 tangu Januari, jua la saa nne likimpiga utosini, hadi asubuhi moja wenzake wakimtazama alishuka ngazi moja zaidi, ambayo haikuwa na maandishi kwa sababu ilikuwa ni ardhi, akachukua njia ya getini, na shule haikumwona tena. Familia inasikia yu hai, na kama amekuja, kiti kipo.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978 na dada yetu, fundi cherehani, ambaye alimfahamu alipompelekea suruali ya kupunguzwa, akakuta utepe wake wa kupimia una inchi upande mmoja, akamhutubia mpaka wateja wengine wakaondoka. Dada alipenda hotuba ile, ujana una mambo yake, na marehemu akambatiza jina la Senti, akalitumia mbele ya wageni na mbele ya watoto, hata alipokuwa akila chakula kilichotokana na cherehani hiyo, maana ndiyo iliyosomesha watoto mishahara ya walimu ilipochelewa. Dada alikuwa akinyamaza, na akinyamaza yeye humung'unya pini mdomoni, na sisi ndugu zake tulijua hali ya ndoa kwa kutazama pini.

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 22 Septemba 1980 akiwa na kilo nne na gramu mia moja, akaitwa Giga hapo hapo wodini. Wa pili, wa kike, alizaliwa kabla ya wakati wake tarehe 5 Juni 1984 akiwa na kilo moja na gramu mia tisa, amefungwa pamba kama yai, na marehemu akainama, akamtazama, akasema kwa manesi, huyu ni Nano, manesi wakacheka, mama akacheka naye kwa uchovu akidhani ni utani wa siku moja. Jina lake la kwenye cheti lipo, ni jina zuri la bibi yake, lakini mkiulizwa hapa mlipo hamlijui.

Giga alipofika kwa baba yake kidato cha tatu alipewa ngazi ya giga bila kuulizwa swali, akafeli fizikia mara mbili akiwa juu huko huko, na hilo halikuzungumzwa nyumbani. Nano ndiye aliyeipenda fizikia, tangu akiwa mtoto wa kulala chini ya meza ya mama yake akipima vipande vya nguo kwa ule utepe, na alitaka kitu kimoja tu, hakutaka viatu wala baiskeli, alitaka siku moja baba yake amwite kwa jina jingine, lolote, la kwenye cheti au hata wewe tu. Januari 1999 alifika kidato cha tatu, na marehemu akamnyooshea fimbo ngazi ya nano, akisema ana uzoefu nayo. Alijibu kila swali mwaka ule, wenzake wakapandishwa yeye akabaki, marehemu akieleza kwamba hawezi kumpandisha mwanawe watu wakasema anapendelea, na hoja hiyo hakuna aliyemkumbusha kwamba ilikuwa imelala usingizi wakati wa Giga.

Tarehe 8 Oktoba mwaka huo, ngazi zote zikiwa zimejaa, marehemu alitangaza kwamba atamuuliza Nano swali moja, na akilipata atapanda moja kwa moja hadi pale katikati asimame naye, bila kiambishi. Akamuuliza, milimita za ujazo ngapi zinaingia kwenye mita moja ya ujazo, swali ambalo hata walimu wengine huteleza, maana mtu hukimbilia elfu moja, akasahau kwamba urefu, upana na kimo kila kimoja kina elfu yake. Nano alifumba macho, akazidisha, akafumbua, akasema, "Bilioni moja." Ilikuwa sahihi, akainua mguu apande, na marehemu akauliza kwa sauti ya upole sana, "Bilioni moja za nini? Za kunguni?" Ngazi nzima ilicheka, Giga aliyekuwa amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba alicheka pia, na marehemu akamshusha binti yake kutoka nano hadi piko, akamalizia mwaka hapo. Nano anasema hakulia, alitazama mguu wake ulivyokuwa bado umeinuliwa, akaona aibu kwa ajili ya mguu ule.

Watu walistaajabu aliposomea ualimu wa fizikia, wakamuuliza, dunia yote hii umekosa kazi nyingine? Yeye akajibu kwamba kuna swali bado hajalimaliza. Marehemu alipostaafu mwaka 2008 ofisi ikamleta yeye kwenye nafasi hiyo hiyo, maabara ile ile, na likizo ya kwanza tu alizipaka ngazi rangi ya kijivu, ila rangi ilikuwa hafifu, na mvua ikinyesha maandishi hujitokeza. Yeye hakumpanga mtu kwenye ngazi. Aliwapa wanafunzi ukanda wa karatasi wenye urefu wa mita moja, wote ukanda ule ule, mmoja aueleze kwa kilomita, mwingine kwa milimita, mwingine kwa nano, sifuri zikijaa ubaoni kama mayai ya kuku, kisha akawauliza, ukanda umerefuka? Hapana. Umefupika? Hapana. Akawaambia kiambishi hakibadilishi kitu, kinabadilisha tu namna ya kukisema, na ukiwa na nano bilioni moja unayo ile ile moja kamili. Walifaulu kama wanafunzi wa baba yake, tena bila kuungua jua.

Tarehe 19 Juni 2010, siku ya wazazi, alimwalika marehemu aje aone kipindi, akamwekea kiti cha mbele chenye mgongo alichokitoa ofisini, akavaa gauni ambalo mama yake alilishona kwa siku hiyo, na mama yake anasema alimsikia asubuhi mbele ya kioo akijaribu kusema, asante, Mwalimu, namna watu wa kazi moja wanavyoitana. Marehemu aliutazama ukanda wa karatasi hadi mwisho. Kisha akasimama, akachukua chaki bila kuomba, akaandika kiambishi cha nano ubaoni, akawageukia wanafunzi na wazazi akasema, "Nano amewafundisha kukata karatasi. Fizikia mtafundishwa na nani?" Wazazi wakacheka kwa heshima, wanafunzi wakacheka bila heshima, na tangu siku hiyo shule nzima inamwita Madamu Nano, wengine wanasema usoni pake. Aliwasindikiza wageni hadi chini ya ngazi, akawashukuru mmoja mmoja, akarudi kukunja ukanda.

Tarehe 9 Machi 2019, akiwa anakunywa chai, marehemu alipatwa na kiharusi kilichokamata upande wa kulia na usemi. Daktari alitueleza kwamba wapo wagonjwa wa namna hiyo wanaobakiwa na neno moja tu, akili inajua inachotaka ila mdomo unatoa neno lile lile, na neno lenyewe mtu hajichagulii. Tulikaa kando ya kitanda tukisubiri kujua lake litakuwa lipi, Mungu, mama, au hata tusi, na siku ya tatu akafumbua macho, akatutazama wote, akasema, "Nano."

Kuanzia hapo maji yalikuwa nano, maumivu nano, choo nano, mto uliomchoma shingo nano, na mjane wake nano pia, ambaye alisema heri hivyo, angalau amevuka kutoka senti. Giga alisafiri kutoka mbali na kiti kizuri cha magurudumu, akapiga magoti, marehemu akatokwa na machozi ya furaha, akamshika shavu akamwita Nano. Giga akasema, "Baba, ni mimi, Giga," marehemu akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, nano, na mtu mzima yule aliyeitwa ukubwa tangu wodini hakuweza kuvumilia udogo wa mchana mmoja, akaondoka kesho yake, na leo ametuma salamu za sauti kwenye simu, ambazo zitachezwa kama chaji itatosha.

Binti ndiye aliyerudi nyumbani kumuuguza. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, wala hakuna kidonda cha kulala kilichoonekana mwilini mwa marehemu, manesi ni mashahidi. Lakini kila marehemu aliposema nano, binti aliuliza kwa sauti ya upole sana, sauti mnayoijua, "Nano ya nini, Baba?" Akangoja. Gilasi ikiwa mezani, mkono wa kushoto wa marehemu haufiki, binti ameketi na madaftari ya wanafunzi akisahihisha, anauliza tena, nano ya nini, kiambishi hakisimami peke yake, mpaka mzee anyooshe kidole kwenye kitu chenyewe, ndipo apewe. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, mpe baba yako maji." Akajibu, "Jibu halijakamilika, Mama." Dada alitia pini mdomoni, akamnywesha mume wake mwenyewe, na hakusema zaidi, kwa kuwa alikuwa amemung'unya pini miaka arobaini kwa ajili ya baba, akaona si haki kuzitema kwa mtoto.

Tarehe 12 Juni 2021, saa kumi alasiri, mjane akiwa kwenye cherehani chumba cha pili, mlango wazi, marehemu alisema nano. Binti akauliza, ya nini. Mkono wa kushoto ukainuka, ukapita gilasi, ukapita mto, ukapita dirisha, ukatua juu ya kifundo cha mkono wa binti, ukakaa. Alingoja uondoke uende kwenye kitu chenyewe, haukuondoka. Ndipo akaelewa kwamba jibu la swali lake la miaka yote lilikuwa limefika mezani, na badala ya kulipokea akasema, "Sema Mwalimu." Marehemu akakaza macho, midomo ikakutana, ikabana, ikatoa mmm ndefu, shingo ikasimama mishipa, cherehani ikanyamaza chumba cha pili, na kilichotoka kilikuwa nano. Binti akautoa mkono ule juu ya wake, akaurudisha chini ya shuka, akamnywesha maji, akaendelea kusahihisha, na kabla hajamaliza daftari lililokuwa mbele yake baba yake alikuwa amekata roho. Tulipomuuliza mambo yalikuwaje alisema, "Alikaribia, nikamshusha." Ameomba isomwe hivyo hivyo, na familia haikuona neno la kubadilisha.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Suti aliyovaa ni ile ya kustaafia, ambayo mjane ameipunguza kiunoni kwa sentimita kumi na nne, akazitamka kwa sauti kila alipokata, na jeneza limepimwa kwa futi, kwa sababu fundi seremala wetu ndicho kipimo anachokiamini, na marehemu hakuwa na namna ya kumhutubia.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya wanaume kwa uvumilivu wao, majirani kwa kuni na viti, walimu na wanafunzi wa shule yake kwa kuja kwa mistari, ndugu yetu Maikro kwa turubai, fundi seremala kwa kufanya kazi usiku na mchana, na yeyote ambaye tumemsahau atusamehe, hatukufanya kwa makusudi, tofauti na wengine. Baada ya mazishi, Madamu anawaomba wanafunzi wake wakumbuke kwamba kesho kutwa kuna kipindi cha kwanza kama kawaida, waje na mikasi.

Nawe, Mwalimu, ngazi zako tumekushusha zote, na hapo ulipofika hapana maandishi. Pumzika kwa amani, kiasi chochote utakachopimiwa, na ukiulizwa ni cha nini, jibu vizuri.